Wiki 11 za Kuuza Gari la Viti Viwili

Kwa miaka tisa nilimiliki gari moja la spoti, Mazda MX-5 ya kizazi cha pili, iliyoundwa mwaka 2002, yenye injini ya lita 1.8, giya za mkono na paa la turubai linalofunguliwa kwa kuachia vishikizo viwili na kulisukuma nyuma. Nililinunua likiwa limetembea kilomita 62,000 na nikaliuza likiwa limetembea 118,000. Sababu ya kuliuza haikuhusu gari lenyewe hata kidogo: lina viti viwili, na nyumbani tulikuwa tumeshafika wanne.

Nilipolitangaza niliamini kwamba kazi ingekuwa nyepesi. Oili ilikuwa imebadilishwa kila kilomita 8,000 au kila mwaka, lolote lililotangulia. Mafuta ya breki kila baada ya miaka miwili. Mkanda wa taimingi, ule unaofanya vali za injini zifunguke kwa wakati wake, pamoja na pampu ya maji na puli zake, ulibadilishwa kwenye kilomita 98,000, kabla kidogo ya ile takriban 100,000 inayotajwa kwenye ratiba ya matengenezo. Stakabadhi zote zilikuwa kwenye jalada, na pembeni yake daftari ambamo niliandika tarehe, kilomita na kilichofanyika. Nilijiambia kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Chema changu kilikaa wiki 11 bila kujiuza, na katika wiki hizo nilikitembeza kuliko vibaya vingi nilivyowahi kuviona.

Kosa la kwanza lilikuwa bei, na sitalikalia sana kwa sababu karibu kila mwenye gari la aina hii hulifanya. Nilijumlisha stakabadhi za miaka mitatu ya mwisho nikaziweka juu ya bei ya kawaida ya magari ya umri huo. Kwa wiki tatu hakuna aliyepiga simu isipokuwa dalali mmoja, ambaye bila kuliona gari alitaja nusu ya bei niliyoitangaza na kusema atakuja jioni na fedha taslimu. Fundi wangu, mtu asiyependa maneno mengi, aliniambia: “Kaka, hizo fedha hukuziwekeza. Umeshazila.” Alisema kweli. Mnunuzi anatarajia mkanda wa taimingi uwe umebadilishwa. Ukiwa haujabadilishwa atakata bei, lakini ukiwa umebadilishwa hataongeza kitu, kama vile mpangaji asivyolipa zaidi kwa kuwa nyumba ina paa. Nilipoacha kutazama bei zinazoombwa na kuanza kuulizia bei ambazo magari ya aina hiyo yaliuzwa kweli, nikashusha yangu hadi mahali ambapo ningeweza kuitetea mbele ya mtu yeyote, na simu zikaanza kuingia.

Jambo jingine la bei lilihusu marekebisho niliyoyafanya mwenyewe. Miaka minne kabla ya hapo nilikuwa nimefunga springi fupi zilizolishusha gari kwa sentimita tatu, na ekzosi yenye sauti nzito kidogo. Mimi nilivihesabu vitu hivyo kuwa nyongeza, ilhali wanunuzi wengi waliviona kuwa ushahidi kwamba gari lilikuwa mikononi mwa mtu wa fujo. Kwa bahati nilikuwa nimehifadhi springi na ekzosi za asili kwenye sanduku, nikavirudisha kabla ya kupiga picha mpya, nikauza vile vya ziada peke yake kwa kijana aliyevitaka hasa. Jumla ya fedha ilikuwa kubwa kuliko ambayo ningepata kwa kuviacha kwenye gari. Aliyetupa vipuri vya asili hana njia hiyo, naye nampa pole.

Lakini yaliyonifunza zaidi yalianza watu walipokuja kuliona gari. Hapo niligundua jambo ambalo sikuwa nimelifikiria katika miaka yote ya kulitunza: mengi anayoyafanya mtu mwaminifu kwa mapenzi ya gari lake, tapeli naye huyafanya kwa ajili ya kuficha, na mgeni anayesimama mbele ya gari kwa mara ya kwanza hana njia ya kutofautisha mkono wa huyu na wa yule.

Mnunuzi wa kwanza wa kweli alikuwa bwana wa makamo aliyefika dakika kumi kabla ya muda. Mimi, kwa heshima ya mgeni, nilikuwa nimelitoa gari nje, nikaliwasha na kuliacha lingurume robo saa ili lisimsumbue. Alinisalimia vizuri, akazunguka gari mara moja, kisha akaweka kiganja juu ya boneti. Hakusema chochote. Alitazama mambo mawili matatu kwa adabu, akaniaga, na sikumwona tena. Niliudhika siku nzima mpaka nilipojiweka mahali pake. Injini inapowashwa ikiwa baridi ndipo husema mengi: vali zinazogonga kabla ya oili kupanda, moshi wa samawati unaotoka kwa sekunde chache kwa sababu sili za vali zimechoka, mvuke mweupe usiokatika, betri inayosuasua. Ikishapata moto, mengi ya hayo hunyamaza. Nilichokiona mimi kuwa ukarimu, yeye alikisoma kuwa nimeshafunga mdomo wa shahidi. Tangu siku hiyo sikugusa ufunguo kabla ya mgeni kufika, na nilimwomba kila mmoja aguse boneti na kijiti cha kupimia oili kwanza, kisha awashe mwenyewe huku mimi nikiwa nimesimama nyuma nikitazama moshi, au yeye nyuma na mwenzake kwenye usukani.

Wa pili alikuja na kifaa kidogo cha kusomea kompyuta ya gari, akakichomeka chini ya dashibodi. Hakukuta hitilafu yoyote, na mimi nikatabasamu. Yeye hakutabasamu. Alinionyesha kwenye simu yake kwamba majaribio ya ndani ambayo kompyuta hujifanyia, kama lile la kichujio cha moshi na la vihisi vya oksijeni, yalikuwa hayajakamilika. Kompyuta hurudi katika hali hiyo mtu anapofuta kumbukumbu za hitilafu, na pia betri inapokatwa. Mimi nilikuwa nimechomoa waya wa betri kwa siku kadhaa, kwa kuwa gari lilikuwa limesimama bila kutembezwa na sikutaka betri ife. Nilimweleza. Alinisikiliza kwa upole wa mtu ambaye ameshasikia hadithi hiyo kwa watu wengine. Kama ningekuwa nimeliendesha gari kwa siku chache katika mwendo wa mchanganyiko, mjini na barabara ndefu, majaribio yale yangekuwa yamekamilika na mazungumzo yetu yangekuwa mengine.

Baada ya hapo niliketi nikaorodhesha mambo mengine niliyokuwa nimeyatenda kwa nia njema. Nilikuwa nimeosha injini ikang’aa. Lakini injini iliyotoka kuoshwa huficha mahali oili inapovuja. Nilikuwa nimepaka nta nyeusi sehemu ya chini ya gari, hasa vizingiti vya milango mbele ya magurudumu ya nyuma. Lakini hapo ndipo hasa mtu anayeijua MX-5 huinama na tochi, kwa kuwa maji ya paa hushuka kwa vijia vya ndani nyuma ya viti, na vijia hivyo vikizibwa na majani na uchafu maji hukaa na kula bati kutoka ndani. Mimi nilikuwa nikivisafisha mara mbili kwa mwaka na vizingiti vyangu vilikuwa vizima. Ila kwa macho ya mgeni, rangi nyeusi mbichi mahali palepale panapooza ni kama bendeji kwa mtu anayesema haumwi.

Nta ile nililazimika kuiondoa kwa mafuta ya taa na kitambaa, kazi ya jumamosi nzima niliyoifanya nikiwa nimelala chali na kujilaumu. Kisha nikapiga picha za bati tupu, kwa mwanga wa mchana, nikaziweka kwenye tangazo pamoja na picha za vijia vya maji. Injini niliiacha ipate vumbi la wiki mbili. Betri niliirudishia waya na nikawa nalitembeza gari kila baada ya siku mbili.

Tangazo lenyewe niliandika upya. La kwanza lilijaa maneno ya “hali nzuri sana”, “limetunzwa kama yai” na “halina tatizo”, maneno ambayo hayamgharimu mwandishi chochote na kwa hiyo hayamwambii msomaji chochote. La pili lilianza na kasoro: mkwaruzo wa urefu wa kidole kwenye bampa la nyuma, kiti cha dereva kilichochanika kidogo pembeni mahali mguu unapopita, paa lililoanza kupauka kwenye mkunjo, na mlango wa kushoto uliopakwa rangi upya. Kila moja lilikuwa na picha yake ya karibu. Hapo ndipo nilipotaja mkanda wa taimingi, oili na breki, kwa tarehe na kilomita. Waliopiga simu walipungua mno, jambo lililonitia wasiwasi kwa siku chache, lakini waliobaki hawakuuliza maswali ya kupoteza muda, na hakuna aliyefika akashtuka.

Ule mlango wa kushoto ulinipa somo lake. Miaka sita kabla ya hapo toroli la dukani lilikuwa limeugonga na kuacha mkunjo, nikaupeleka kunyooshwa na kupakwa rangi, kisha nikasahau kabisa. Nilipokuwa napitia jalada nikitafuta stakabadhi nyingine ndipo nilipoiona ile ya rangi. Kama nisingeiona, ningemwambia mnunuzi kwa dhati ya moyo kwamba gari lina rangi ya kiwandani kote, na yeye angeupima mlango kwa kifaa cha kupimia unene wa rangi na kunikuta mwongo. Rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa na unene wa kati ya maikromita 100 na 150. Mlango wangu ulisoma zaidi ya 250. Mtu anayeuza gari alilokaa nalo muda mrefu asiitegemee kumbukumbu yake mwenyewe. Alisome jalada lake kama lingekuwa la mtu mwingine.

Wapo waliokuja bila nia ya kununua, na kuhusu hao nitasema machache. Gari la spoti huvuta vijana wanaotaka tu kuliendesha mara moja katika maisha yao, na siwalaumu, kwani nami nilikuwa mmoja wao. Niliweka utaratibu na sikuuvunja kwa mtu yeyote: nione leseni ya udereva na niipige picha, nihakikishe bima inamfunika dereva mwingine, niendeshe mimi kwanza huku nikieleza, kisha tubadilishane viti mahali pa wazi. Wakati wa kubadilishana viti natoka na ufunguo mkononi. Injini haivuki mizunguko 4,000 kwa dakika mpaka ipate moto, na moto huo haupimwi kwa mshale wa maji peke yake, kwa kuwa oili huchelewa nyuma ya maji kwa dakika kadhaa. Nilimtazama kila mgeni katika dakika hizo kuliko alivyonitazama mimi. Anayekanyaga mafuta hadi mwisho injini ikiwa baridi ameshaniambia kwamba hana haja na daftari langu.

Na yupo aliyenipigia kutoka mbali, akasema hana haja ya kuliona gari, atanitumia hundi ya kiasi kinachozidi bei, mimi nimrudishie wakala wake wa usafirishaji kile kilichozidi. Ni ulaghai wa zamani: hundi hugundulika kuwa ya bandia baada ya fedha zako halisi kuondoka. Nilimkatalia, naye akabadili sauti katika sentensi moja kutoka “ndugu yangu” hadi matusi.

Aliyelinunua alikuja wiki ya kumi. Alikuwa mama wa miaka kama hamsini na tano, aliyestaafu mapema, aliyewahi kuwa na gari kama hilo ujanani na kuliuza kwa sababu ileile iliyoniuzisha langu. Aligusa boneti bila kuombwa. Alipiga magoti akamulika vizingiti, akaingiza waya laini kwenye kijia cha maji, akamimina maji ya chupa juu ya ukingo wa paa na kuinama kuona yanatokea wapi. Kisha akaketi na lile jalada na daftari mezani kwangu kwa karibu saa nzima, akilinganisha kilomita za stakabadhi na za daftari, ukurasa kwa ukurasa. Aliniuliza mara moja tu: kwa nini kulikuwa na pengo la miezi kumi na minne bila oili kubadilishwa. Nilimjibu kweli, kwamba mwaka huo niliumwa na gari halikutembea hata kilomita 900, na kwamba hata hivyo nilipaswa kuibadilisha. Aliandika kitu kwenye karatasi yake.

Akaomba gari likaguliwe na fundi aliyemchagua yeye, kwa gharama yake. Nilikubali mara moja, na nashauri kila muuzaji akubali, kwa kuwa kusitasita hapo hufuta kila kitu kizuri alichokisema kabla. Lakini sitadai kwamba nilisubiri ripoti ile kwa utulivu. Fundi alikuta bushi moja (mpira wa kiungo) ya mkono wa chini unaoshika gurudumu la mbele imeanza kupasuka, jambo nililotegemea kwa umri wa gari. Halafu akaniita nitazame matairi. Nilikuwa nimeyanunua mapya miaka miwili na nusu nyuma, stakabadhi ilikuwepo, na mikato ya mpira ilikuwa bado na kina. Alinionyesha ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2316. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2016. Matairi yale yalikuwa yamekaa ghalani kwa miaka kabla ya kuuziwa mimi kama mapya, na mimi, niliyejiona mtunzaji wa kupigiwa mfano, sikuwahi kuinama kusoma tarakimu zile. Mpira ulikuwa umekakamaa na nyufa nyembamba zilianza kuonekana kati ya mikato.

Sikubishana. Tulipiga hesabu ya matairi manne na bushi, nikakata bei kwa kiasi hicho, kisha yeye hakujaribu kukata chochote zaidi. Hapo ndipo nilipoelewa kazi hasa ya lile jalada. Halikuniongezea bei. Lilifunga milango ambayo mnunuzi angepitia kuteremsha bei kwa kubahatisha: labda klachi, labda mkanda, labda oili. Uliobaki wazi ulikuwa mlango mmoja, wenye ukubwa unaopimika.

Aliacha arbuni ndogo, tukaandikiana karatasi inayosema gari halitaonyeshwa kwa mtu mwingine kwa siku saba na masharti ya arbuni kurudishwa. Malipo yaliyobaki tuliyafanyia benki, tukiwa wote wawili, na sikutoa ufunguo mpaka nilipoona fedha kwenye salio la akaunti yangu mwenyewe. Ujumbe wa simu na picha ya muamala si fedha, hata anayeonyesha akiwa mtu mwema. Kwenye mkataba tuliandika nambari ya chasisi, kilomita, tarehe na saa kamili ya makabidhiano. Saa niliisisitiza mimi, kwa kuwa gari nililouza kabla ya hili nilichelewa kuitaarifu mamlaka ya usajili, na kwa miezi miwili faini za mwendo kasi za mtu mwingine zilikuwa zikiletwa nyumbani kwangu. Safari hii nilitoa taarifa siku hiyohiyo, ndipo nikasitisha bima.

Alilichukua alasiri, paa likiwa limefunguliwa. Wiki tatu baadaye, nikitafuta bisibisi kwenye droo, nilikuta kile kisoketi kidogo chenye umbo la pekee kinachofungua nati za usalama za rimu. Bila hicho asingeweza kubadili hata hayo matairi tuliyoyakatia bei. Nilimpigia simu kwa aibu, akacheka, akasema fundi alikuwa amekitafuta kwenye gari zima siku moja kabla.

Nilimpelekea mwenyewe. Gari lilikuwa kivulini, boneti wazi, chupa tupu ya oili kando ya gurudumu. Daftari langu lilikuwa juu ya kiti cha abiria. Chini ya mstari wangu wa mwisho, kwa mwandiko mdogo na ulionyooka kuliko wangu, alikuwa ameandika tarehe, kilomita 118,640, oili na kichujio, na pembeni: vijia vya paa vimesafishwa, nati za rimu zinasubiri ufunguo.